Sindano Iliyotetemeka Bila Waya

Niliiona kwa macho yangu mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimelewa.

Sensa ya kupimia hewa ilikuwa mkononi mwa fundi umeme. Imeng'olewa ukutani. Waya wake unaning'inia kama mkia wa panya aliyekufa.

Na kwenye skrini ya korido, mbele yetu kabisa, sindano ya sensa hiyohiyo ilikuwa inatetemeka.

Taratibu. Kama kitu kinachopumua.

Fundi umeme akaitazama sensa. Akaitazama skrini. Akanitazama mimi.

"Kelele," akaniita kwa jina langu la utani, midomo imemkauka, "hii inapumulia wapi?"

Macho yangu yalishahama. Mlango wa chumba cha nne ulikuwa umefunguliwa, na ndala za mdogo wangu zilikuwa zimepangwa nje, mguu kwa mguu, kama anavyozipanga siku zote anapovaa mabuti ya kuingilia ndani.

Nikiendelea hapo mtadhani ni hadithi ya majini. Afadhali yangekuwa majini. Jini unaweza kumsomea akaondoka.

Ngoja nirudi nyuma, mnielewe. Kuna watu wanatamani sana tusahau mwanzo wa jambo hili. Mimi kusahau nilinyimwa.

Kile ni kiwanda cha kuhifadhi matunda. Mkila tunda lililo kama limechumwa jana, na msimu wake umeisha zamani, mnadhani ni miujiza. Si miujiza. Ni chumba.

Chumba kinazibwa kila tundu, kinawekwa baridi, kisha oksijeni inafukuzwa na kuingizwa naitrojeni. Tunda likikosa hewa linalala. Linasubiri soko.

Mtu akiingia humo, naye analala. Tofauti ni kwamba tunda huamka.

Na hakuna harufu, jamani. Hakuna moshi, hukohoi, huoni kizunguzungu cha kukuonya. Unavuta pumzi mbili, magoti yanakuacha. Basi.

Kwa hiyo kabla ya kuingia unafungua matundu, unawasha mafeni, unasubiri hewa ya kawaida irudi. Zamani kila mlango ulikuwa na kipimo chake cha kioo, cha mviringo, chenye sindano. Mafeni yalipozunguka, ukuta ulitikisika kidogo, na sindano nayo ikatetemeka.

Watu wa vyumba walikuwa na sheria yao, hawakuandikiwa na mtu: *sindano ikitetemeka iko hai, isome, ikitulia imekufa, usiingie.*

Na walikuwa na mshika kamba. Anayeingia anafungwa kamba kiunoni, mwenzake anabaki mlangoni ameshika ncha. Kamba ikilegea bila sababu, unavuta. Huulizi.

Kisha tukaja sisi na kompyuta.

Mimi sijasoma chuo. Nilijifunza kuandika programu kwenye duka la intaneti, kwa kumfagilia mwenye duka sakafu ili aniachie mashine moja mbovu. Wakati huo kurasa za mtandao zilikuwa kama tangazo la msiba ubaoni: maandishi, picha moja, umemaliza. Ukibonyeza kitu, ukurasa mzima unafutika na kuanza upya, unakaa unausubiri kama mtu wa mkopo.

Halafu ikaja plagini.

Plagini ni kipande cha programu unachokipachika ndani ya kivinjari, kile unachofungulia mtandao. Ukishakipachika, ukurasa unapata roho. Unachora sindano, inazunguka. Unachora tangi, linajaa maji huku unaliona. Namba zinabadilika zenyewe bila ukurasa kufutika. Na raha yake kubwa: unaandika programu mara moja, inafunguka kwenye kompyuta ya aina yoyote ile, na sura haibadiliki. Anachokiona wa ofisini ndicho anachokiona wa kule chini.

Hiyo sentensi ya mwisho iwekeni akiba.

Tulikuwa wawili. Mimi niliandika upande wa taarifa, zinavyotoka kwenye sensa hadi kwenye skrini. Mwenzangu tulimwita Brashi, kwa sababu alikuwa mchoraji. Aliifanya plagini ile icheze ngoma. Vipimo vyake ungetaka kuvigusa.

Siku ya kwanza ya majaribio watu wa vyumba walisimama mbele ya skrini, wamekunja mikono.

"Hii imekufa," mmoja akasema.

"Haijafa, mzee," nikamwambia. "Ndiyo kwanza inafanya kazi."

"Mbona imetulia?"

"Imetulia kwa sababu hewa haibadiliki."

"Sindano iliyotulia ni maiti, kijana. Mimi siingii kwa neno la maiti."

Wakacheka, lakini hakuingia hata mmoja. Siku nzima kiwanda kikasimama.

Bosi wetu hakuwa mkali. Huyu aliitwa Tabasamu, na hata alipokufukuza ulitoka ukidhani amekupa likizo. Akaja kwenye meza yetu.

"Vijana, wazee wanataka itetemeke. Itetemesheni."

Brashi akaandika mistari michache, sindano ikaanza kutetemeka. Nzuri, wallahi. Kama ya kioo kabisa.

Nikamuuliza, "Inatetemeshwa na nini?"

"Na mimi," akajibu, anacheka.

"Sensa ikikatika?"

"Itatetemeka tu, palepale kwenye namba ya mwisho. Ni pambo, ndugu yangu. Usiwe mgumu hivyo."

Tuligombana pale mpaka watu wakaja kutuamua. Mwisho nikaongeza kitu changu: taarifa zikikatika, utepe mwekundu unafunika kipimo chote, wenye maneno makubwa: HAKUNA TAARIFA. USIINGIE. Nikamwonyesha Tabasamu. Akanipiga bega. "Safi sana. Hapo umetukomboa."

Baadaye kidogo akawaondoa washika kamba.

"Skrini ndiyo mshika kamba wa kisasa," akatuambia kwenye kikao, anatabasamu.

Nikasimama. Nikasema skrini haina mikono. Nikasema mtu akianguka skrini itamwangalia tu. Nikabandika karatasi kwenye mlango wa choo, maana ndiko mahali pekee kila mtu husoma, nikawaambia watu wa vyumba wagome mpaka kamba irudi.

Kesho yake nikapigwa chini. Na jina nikapewa: Kelele.

Miaka ikapita. Nikafungua kibanda cha kutengeneza simu. Mdogo wangu wa kike, wa kunifuata ziwa, akamaliza shule na kazi hakuna, na kazi ilipopatikana ilikuwa wapi? Kulekule.

Nilimkataza. Akanitazama kwa yale macho yake.

"Kaka, wewe uligombana nao. Mimi sijagombana na mtu. Mama anahitaji dawa."

Akaingia vyumbani. Wakambatiza Chapuchapu, kwa sababu hakuwahi kutembea, alikuwa anakatiza. Kreti ambayo wenzake wanaivuta kwa kuimba, yeye alishaifikisha. Nyapara wa zamu alimpenda kama mboni ya jicho, na nyapara akikupenda, mjue umekwisha, anakutuma wewe kila mahali.

Siku moja akaja kibandani anacheka.

"Kaka, Tabasamu anakutafuta."

"Amepoteza nini?"

"Kompyuta ya ukumbi wa kufungashia imekufa. Wamenunua mpya, lakini ile plagini yenu haikubali. Kijana wa kompyuta amelala nayo siku tatu, anakaribia kulia."

Nilielewa mara moja. Waliotengeneza plagini ile walishaistaafisha, na vivinjari vipya havitaki hata kuisikia. Dunia imehamia kwingine. Ili ifanye kazi lazima ufukue kivinjari cha zamani, ukiweke, ukikataze kujisasisha. Kiwanda kizima kilikuwa kinaishi hivyo, kama mgonjwa asiyetakiwa kuguswa.

"Mwambie nimekufa," nikasema.

"Nilimwambia utasema hivyo. Akasema basi aje maiti."

Nikaenda. Msiniulize kwa nini. Nilitaka kuona.

Korido ilikuwa ileile: sakafu ya saruji yenye maji, mapazia ya plastiki mlangoni, mlio wa mafeni unaokuingia kwenye meno. Skrini ya korido ilikuwa juu ya ndoano, na vipimo vya Brashi vilikuwa vinatetemeka vyote kwa mstari. Nikahisi baridi ambayo haikutoka vyumbani. Sikujua ni ya nini. Nikajiambia ni kumbukumbu mbaya tu.

Mdogo wangu akapita na toroli.

"Kaka, usiwaambie wagome leo, nina haraka."

"Nenda zako, Chapuchapu."

Akanitolea ulimi. Mtu mzima, ana sare ya kazi, ananitolea ulimi.

Nikakaa na ile kompyuta mpya. Nilihitaji waya mrefu wa mtandao, nikaenda karakana kwa fundi umeme, rafiki yangu wa zamani, tunayemwita Shoti kwa sababu umeme umemrusha mara nyingi kuliko mke wake. Kwenye meza yake, juu ya kitambaa, palikuwa na sensa.

"Ya nani hii?"

"Ya chumba cha nne. Nimeing'oa jana, ilikuwa inasema uongo. Mpya iko njiani."

"Na chumba?"

"Kilikuwa wazi jana, wametoa mzigo nusu. Jioni wakakiziba tena, wakarudisha naitrojeni. Sasa hivi humo hata nzi hazindukani."

"Umewaambia watu?"

"Nimemwambia Tabasamu. Akasema, 'Najua, kwangu inaonekana.'"

Nikaitikia kwa kichwa, nikaridhika. Kwa hiyo utepe mwekundu umetokea, nikawaza. Kazi yangu bado iko hai humu ndani.

Shoti akaishika sensa, tukatoka pamoja kuelekea korido, anaendelea kunipigia soga.

Hapo ndipo tulipoinua macho.

Chumba cha nne. Oksijeni asilimia ishirini na moja. Hewa safi, kama ya barabarani. Sindano inatetemeka.

Hakuna utepe. Hakuna nyekundu popote.

Na ndala mlangoni.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka nimefika. Mlango umesukumwa wazi kiasi cha toroli kupita, mwanga wa ndani umewaka, mweupe, na makreti yamepangwa hadi juu. Toroli limesimama katikati ya njia. Nyuma yake nikaona buti moja.

Buti halitikisiki.

"Mdogo wangu!" Sauti ilinitoka nyembamba, kama ya mtoto.

Shoti alishatangulia. Nikamkamata kwa mkanda wa suruali, nikamvuta nyuma mpaka tukaanguka wote wawili kwenye saruji.

"Niachie! Kelele, niachie, ni dada yako yule!"

"Usiingie!"

"Anakufa!"

"Na wewe utakufa juu yake! Kisha mimi juu yako! Usiingie!"

Mnajua nilichokuwa nafanya? Nilikuwa namzuia mtu pekee aliyekuwa tayari kumwokoa mdogo wangu. Mikono yangu ilimshika, lakini moyo wangu ulikuwa unaniambia: mwache, mwache aende, labda atafanikiwa. Hofu ya namna hiyo sijawahi kuipata kabla wala baada. Haina kelele. Ni kama mtu amekumwagia maji ya barafu ndani ya mifupa.

"Feni!" nikapiga kelele. "Washa feni! Fungua mlango wote!"

Shoti akatambaa hadi kwenye swichi. Mlango ukaanza kusogea, taratibu, taratibu, mlango mzito usiojua haraka ya mtu.

Watu wakaja wanakimbia. Nyapara akasimama, mkono kichwani. "Mimi ndiye niliyemtuma," akasema. "Gari la mnunuzi limekuja ghafla, nikamwambia alete sampuli. Tumeangalia skrini wote wawili. Ilikuwa inatetemeka. Inatetemeka!"

"Ndoano!" nikamwambia. "Ile ndefu ya kuvutia kreti!"

Wakaileta. Nikajaza mapafu hewa ya korido, nikasimama kizingitini, mabega tu ndani, wenzangu wameshika shati langu kwa nyuma. Nikapeleka ndoano. Ikagonga toroli. Nikarudi nje nikavuta hewa. Nikapeleka tena. Ikakwaruza sakafu. Ikapita juu ya mgongo wake, ikateleza.

Nyuma yangu mwanamke mmoja alikuwa anasali, na sauti yake ilikuwa inakatika.

Mara ya tatu ndoano ikashika mkanda wa ovaroli.

"Vuta!"

Tukavuta. Akaja na uso umelala sakafuni, mdogo wangu, mwepesi kama kreti tupu. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo mdomo wa mtu haupaswi kuwa nayo.

Shoti akampulizia pumzi. Tena. Tena. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nimeshika ndala zake mkononi, sijui nilizichukua saa ngapi.

Kisha akakohoa.

Korido nzima ililia. Wanaume na wanawake. Na juu yetu, pale kwenye ndoano yake, skrini ilikuwa bado inatuonyesha hewa safi. Sindano inatetemeka, haina habari na mtu.

Hospitali walituambia ubongo wake ulikosa hewa. Wakatuambia tumshukuru Mungu. Mama akashukuru. Mimi nilikuwa bado nahesabu wa kumlaumu.

Haikuchukua muda, wakubwa wa kiwanda wakampata kabla yangu.

Mimi.

Niliitwa ofisini kwa Tabasamu. Alikuwepo mkaguzi wa usalama kazini, mama mmoja wa miwani anayeongea polepole. Alikuwepo nyapara, Shoti, na wawakilishi wawili wa wafanyakazi, ambao hawakuniangalia usoni.

Tabasamu alikuwa na huzuni. Huzuni nzuri, iliyopigwa pasi.

"Mama mkaguzi, sisi ni wahanga kama yule binti. Plagini hii imepitwa na wakati, waliotengeneza wenyewe wameiacha. Imetudanganya sote. Hata skrini yangu hii mezani ilionyesha chumba ni salama. Na nasikitika kusema..." Akanigeukia. "Aliyeandika programu ni huyu bwana. Na siku ya ajali alikuwa humu ndani, anaichezea."



Nikaona yote kwa mpigo mmoja: mimi na pingu, Mama peke yake mlangoni pa hospitali, mdogo wangu anauliza nimekwenda wapi. Nilitaka kusema na ulimi ukakataa. Kelele, mimi, nimekosa kelele.

Mkaguzi akanitazama juu ya miwani. "Una la kusema?"

Ndipo yakarudi maneno yake mwenyewe, yale aliyonipa Shoti karakana. Niliwaambia mimi kusahau nilinyimwa.

*Najua, kwangu inaonekana.*

Kwake inaonekana nini? Kama skrini yake ilionyesha hewa safi kama ya korido, ni nini hicho alichokuwa anakiona kwake?

"Mama," nikasema, "naomba tufanye jaribio dogo. Chumba cha pili ni kitupu. Shoti aende achomoe waya wa sensa yake. Nyapara asimame kwenye skrini ya korido, apige simu. Sisi tubaki hapa, tuangalie hii ya bosi."

"Haina haja," Tabasamu akasema, haraka kidogo kuliko kawaida yake. "Mambo ya kitaalamu hayo, tutaita..."

"Nendeni," mkaguzi akasema.

Tukakaa. Skrini ya Tabasamu ikageuzwa upande wetu. Vipimo vyote vinatetemeka. Nikaomba kimoyomoyo. Kama nimekosea, nimejichimbia kaburi mwenyewe na koleo nimelileta mwenyewe.

Simu ikaita. Nikaiweka kwa sauti ya juu.

"Shoti anasema amechomoa," nyapara akasema.

"Unaona nini?"

"Chumba cha pili? Ishirini na moja. Inatetemeka vizuri."

"Kuna utepe mwekundu?"

"Utepe gani?"

Mezani kwa Tabasamu, mbele ya macho yetu, kipimo cha chumba cha pili kilikuwa kimefunikwa chote. Nyekundu. Nyekundu ya damu.

Mkaguzi akasogeza miwani. "Bwana, tusomee."

Tabasamu hakusoma.

"HAKUNA TAARIFA," mama yule akasoma mwenyewe, neno kwa neno. "USIINGIE."

Nikainuka. Nikaenda kwenye kompyuta. Programu ni ileile, plagini ni ileile, lakini mwisho wa anwani palikuwa na neno moja ambalo mimi sikuliandika: *ofisi*. Nikalifuta, nikaandika *korido*.

Nyekundu ikayeyuka. Chini yake sindano ikainuka, ikafika ishirini na moja, ikaanza kutetemeka.

Waya uko mikononi mwa Shoti kule chini, na sindano inatetemeka mezani kwa bosi. Mmoja wa wawakilishi akasukuma kiti nyuma kama ameona nyoka.

Nyapara alikuwa bado hewani, na sijui kama alijua sote tunamsikia.

"Kama ni ule utepe wa zamani, bosi aliuondoa huku," akasema. "Ulikuwa ukitokea, watu wanaacha kazi mpaka fundi aje. Akasema unatupotezea muda. Akasema yeye atautazama kwake, na kukiwa na hatari atatuambia."

Atatuambia.

Siku ile gari la mnunuzi lilipofika, Tabasamu alikuwa getini anampokea mgeni. Skrini yake ilikuwa inapiga nyekundu ofisini, kwenye kiti kitupu.

Brashi nilimpigia. Hakukana. "Niliambiwa nitengeneze sura mbili," akasema. "Nilidhani ofisini wakiona watawaambia wenzao. Nani hawezi kumwambia mwenzake?" Kisha akalia, nikamwacha alie. Sijampigia tena.

Tabasamu hakufungwa. Alihamishwa. Nasikia yuko tawi jingine, na nasikia huko nako watu wanampenda. Watu wa vyumba hawakusubiri barua: kamba ilirudi siku ileile, haingii mtu bila mwenzake kushika ncha, na anayetaka kuwafukuza awafukuze wote. Vipimo vya kioo navyo vimerudi milangoni.

Mdogo wangu yupo nyumbani. Anatembea, lakini siku hizi anatembea kwa kushika ukuta, na ukimwita Chapuchapu anageuka kutafuta anayeitwa. Kijiko anakiita ile ya kuchotea. Mama anamwekea ndala zake karibu na kitanda, na yeye huzipanga, mguu kwa mguu. Hilo hakulisahau.

Siku ile haikumbuki hata kidogo. Kila nikienda ananiuliza, "Kaka, ilikuwaje?" Namsimulia. Anashika mdomo, anaogopa upya, machozi yanamtoka. Nikienda tena, ananiuliza tena.

Kwa hiyo nimeandika. Ili siku nisipokuwepo asimuliwe na mtu mwingine yeyote, isipokuwa wale wanaotamani tusahau.

Ninyi mnaosoma mna skrini zenu kazini. Zimepambwa, zinameremeta, kila kitu kinacheza. Sizichukii; nilizitengeneza kwa mikono hii. Lakini nawasihi ulizeni jambo moja kabla hamjaweka roho ya mtu juu yake: hii kitu, isipojua, inasema haijui? Na ikisema, inamwambia nani kwanza, anayeingia au aliyekaa?

Jana mdogo wangu alikuwa ameegemea bega langu, anatazama jani likitikiswa na upepo dirishani.

"Kaka," akasema, "lile liko hai?"

Nikainuka, nikafungua dirisha, nikaligusa kwanza. Ndipo nikamjibu.